Faharasa kwanza, RAM baadaye

Unauliza kama uongeze RAM (kumbukumbu ya kompyuta) ili ripoti ya mauzo iache kukwama? Hapana, RAM iache kwanza. Ripoti ya mauzo ikikwama huku kurasa nyingine zikifunguka vizuri, mara nyingi kilichokosekana ni faharasa (index), yaani orodha inayoisaidia hifadhidata kupata mistari bila kusoma jedwali zima. Kama hifadhidata yako ni PostgreSQL, weka EXPLAIN ANALYZE mbele ya amri ya SELECT inayotoa ripoti hiyo, ikuonyeshe jinsi inavyotafuta data. Ukiona Seq Scan (kusoma mstari mmoja mmoja) kwenye jedwali kubwa ilhali unatafuta mistari michache tu, umeshampata mchawi.

Wengi hunaswa hapa: PostgreSQL haitengenezi faharasa yenyewe kwenye safuwima ya ufunguo wa kigeni (foreign key), ile inayorejelea mstari wa jedwali jingine (hifadhidata ya MySQL yenye injini ya InnoDB hutengeneza), kwa hiyo mteja_id ya jedwali la ankara huenda haina faharasa. Nimelikuta hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Halafu ukichuja kwa mwaka ulioutoa ndani ya tarehe, yaani EXTRACT(YEAR FROM tarehe) = 2024, faharasa ya kawaida ya tarehe haitumiki; andika tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'.

Ila usizirundike, kila faharasa hupunguza kasi ya kuandika data. Na angalia, EXPLAIN ANALYZE huendesha amri kweli, kwa hiyo usiijaribie kwenye DELETE.