Mandarini anayegoma kula

Ndugu, umesema mandarini wako, yule samaki mdogo wa mapambo wa maji ya chumvi, ana wiki ya pili tangini, hagusi chembechembe wala uduvi wa kugandishwa, na unadhani anaringa. Haringi. Huyu samaki baharini hushinda akidonoa kopepodi, vijidudu vidogo vya majini vya jamii ya kamba, mmoja mmoja kwenye miamba, kutwa nzima. Chakula kinachoelea na kupita mbele yake hakitambui kama chakula.

Kwanza mtazame kwa juu. Mgongo ukiwa umebonyea nyuma ya kichwa na tumbo limeingia ndani, njaa imeshamkolea, usisubiri. Angulisha mayai ya artemia, uduvi wadogo wa maji ya chumvi, umpe wakiwa hai, wametoka tu kwenye mayai, maana wakikaa siku nzima lishe yao hupungua sana.

Zima pampu kwanza. Mimi hulaza chupa ndogo ya kioo mchangani na kuwamwaga artemia humo kwa mrija. Wangu alizunguka mdomo wa chupa siku tatu, ya nne akaingia, jicho moja likizunguka huku, jingine kule, kisha tap! Akishazoea, changanya na uduvi mdogo wa kugandishwa, kidogo kidogo.

Tangi lako la miezi miwili ndilo linalonitia wasiwasi. Miamba bado haina kopepodi wa kumtosha. Mwage kopepodi hai usiku taa zikizimwa, uwatengee na kisanduku chenye mwani wazaliane. Na kama una samaki mwingine mdonoaji, mmojawao ahame. Mandarini hala kwa haraka, atanyang'anywa kila kitu.