Kigoma na watoto, kuogelea ziwani kupoje?
Mkuu uliyeuliza kama upeleke familia Kigoma au mwende tu Mwanza kama kila mwaka, mimi nimekulia Ujiji hapo hapo Kigoma kwa hiyo usitegemee nisimame katikati, nenda Kigoma. Maji ya Ziwa Tanganyika yako wazi balaa, unasimama maji ya kifuani na vidole vya miguu unaviona, visamaki vya rangirangi vinakatiza kwenye mawe hapo hapo pembeni. Hao ndo wazungu wananunua kwa hela ndefu wakawafuge kwenye vioo.

Ila wageni wengi hawaambiwi habari ya kina. Ziwa liko kwenye bonde la ufa, milima imeshuka mpaka majini na huko chini inaendelea kushuka vile vile, sehemu yenye kina kirefu kabisa ni kama mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal ya Urusi peke yake wakati Victoria ni kama mita 80 tu. Sasa sehemu nyingi unatembea maji ya magoti, ya kiuno, hatua mbili mbele hamna chini. Ukiingia na watoto wewe simama upande wa kina wao wawe upande wa nchi kavu, na usikubali mtu akuambie "wanajua kuogelea hao".

Kuogelea nendeni ufukwe wa Jakobsen, mbele ya Katonga, vighuba vya mchanga na miti ya kivuli, kiingilio kipo, chakula bebeni. Kibirizi sio pa kuogelea, pale ni boti na dagaa, ila kama mwezi haupo angani pitieni jioni muone vipe (boti za kuvulia dagaa) vinatoka na taa zao, usiku ziwa linawaka kama mji. Mwezi ukiwa mkubwa hawatoki maana dagaa hawafuati taa.

Hifadhi ya Gombe, kwa sokwe, hakuna barabara, ni boti, ondokeni asubuhi kabla upepo haujaamka hasa mwezi wa sita mpaka wa nane, mawimbi ya mchana yanatapisha watu wazima. Ulizeni kwanza umri maana watoto wadogo hawapandishwi kufuata sokwe.

Halafu samaki mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo msikose. Angalieni tarehe tu, 2024 uvuvi ulifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti, mkiangukia kipindi cha hivyo samaki wabichi mtawatafuta kwa tochi aisee.