Pesa ya kiinua mgongo? Jenga vyumba Dar

Dada mmoja muuguzi wa Mwanza, amestaafu juzi, ameniandikia akiuliza: anunue Kosta ya abiria au ajenge nyumba ya kupangisha Dar es Salaam? Jenga, dada. Kosta inachakaa kila siku inapotembea, nyumba inakuingizia ukiwa umelala.

Mimi ni mwalimu. Kiwanja changu cha Kimara nilikichukua kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza mwaka 2016. Nikajenga vyumba vya kujitegemea: chumba, sebule, choo ndani, jikoni pa kusimama mtu mmoja, na kila mlango na mita yake ya LUKU, wapangaji wasigombanie umeme. Shemeji yangu alisimama kwenye sherehe ya kipaimara akasema mbele ya watu kwamba nimejenga mabanda ya kuku. Niliumia, na bado naumia. Ghorofa lake la Bunju mpaka leo halijaezekwa. Mabanda yangu yamesomesha watoto chuo kikuu.

Siri ya vyumba hivi iko wazi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka wanalala wapi? Wengi wamepanga. Na mpangaji wa Dar kwa kawaida hulipa miezi mitatu au sita kwa mpigo. Kodi ya chumba cha kwanza ndiyo iliyoninunulia mabati ya cha pili. Kwa hiyo usisubiri upate pesa ya kumaliza yote. Anza! Wangapi wamezeeka wakisubiri?

Ila nunua kiwanja kilichopimwa, hata kama ni kidogo na bei inauma. Ardhi yetu ni ya umma; hati inakupa haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda ofisi ya ardhi ukahakikishe jina lililoandikwa ni la huyo anayekuuzia. Muhuri wa serikali ya mtaa peke yake hautoshi, hata dalali aape vipi.

Na usije kuangalia kiwanja Januari, jua likiwaka. Njoo Aprili, masika ikiwa imekolea, uvae mabuti, usimame palepale uone maji yanapita wapi.