Konokono wa Kibirizi kwenye tangi la maji chumvi

Ndugu yangu, umeuliza kama konokono uliowaokota ufukweni Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, watakula mwani uliofunika mawe ya tangi lako la maji chumvi. Hapana, watakufa. Baadhi ya konokono wa ziwa hilo wana gamba kama la wa baharini, lakini ni wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Agiza wa baharini, wachache tu kwanza. Ukiwajaza, mwani ukiisha watakufa njaa na kuchafua maji. Kaa wale wanaohamahama makombe wanafaa pia, ila wawekee makombe matupu makubwa kidogo. Mimi sikuweka, asubuhi moja nikamkuta kaa anatembea na gamba la konokono wangu!

Wakifika, wazoeshe maji ya tangi tone kwa tone, saa moja hivi. Dawa yenye shaba usithubutu, itawamaliza.