Useremala: VETA au Keko? Jibu kwa mkuu aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Mkuu, umeuliza mdogo wako aliyemaliza kidato cha nne na anayependa mbao apelekwe VETA (vyuo vya ufundi stadi vya serikali) au aingizwe moja kwa moja karakana ya Keko, mtaa wa mafundi samani hapa Dar, na kama kazi hii inalipa. Mimi nilianza kama saidia fundi hapo hapo Keko, chuo nikaenda baadaye, na sasa nina karakana yangu ndogo. Naona wengi mmeshindanisha chuo na mtaa. Mimi ningeanza kumuuliza dogo anataka kuwa seremala wa nini, maana ndani ya useremala mna kazi nne tano zisizolingana kabisa kipato.

Chukua Keko yenyewe. Kazi imegawanywa: huyu anachana mbao na kupiga randa, yule anaunga fremu, mwingine anakereza miguu, kuna wa nakshi, kuna wa msasa na vanishi, na fundi makochi ambaye kutwa yuko na sponji na vitambaa. Wengi wanalipwa kwa pisi, kitanda kikiisha unapewa chako. Hali hiyo inampa kijana kasi ambayo chuo hakiwezi kumpa, kwa sababu mbao zinazopita mikononi mwake ni nyingi na mteja anasubiri. Ila akishajulikana ana mkono mzuri wa msasa, bosi hana sababu ya kumtoa kwenye msasa. Nawafahamu watu wazima, wana wajukuu, na bado hawawezi kuchonga ulimi (ncha ya kuungia mbao) ukaingia kwenye tundu lake bila kuziba mianya kwa gundi na vumbi la mbao.

Chuo kinampa kazi nzima. VETA wana ngazi ya kwanza hadi ya tatu, badala ya ile mitihani ya ufundi ya zamani, Trade Test, na humo anajifunza kuchora, kusoma ramani, kutumia mashine bila kuacha kidole, na tabia ya mbao. Hili la tabia ya mbao watu wanalidharau. Mlango wa mninga uliotengenezwa Dar wakati wa masika ukipelekwa Dodoma kiangazi utapoteza maji na kusinyaa. Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki. Sasa kama paneli umeigandisha kwa gundi kwenye fremu, itapasuka tu, hata ungeipaka vanishi ya bei gani. Inatakiwa ikae kwenye mfereji bila gundi, iwe na nafasi ya kucheza. Na tangu serikali ianze kuhamia Dodoma 2016, oda za huko si chache, kwa hiyo asiyelijua hili analipia milango ya watu.

Ushauri wangu kwa mpangilio: wakati anasubiri nafasi ya chuo, akae karakana aonje vumbi na kelele. Asipokimbia, aende chuo, na kila likizo arudi benchi. VETA Chang'ombe na Keko zote ziko Temeke, kwa hiyo kwa aliyeko Dar hilo linawezekana kabisa. Kama kuna msomaji hapa ambaye tayari ni fundi wa miaka mingi bila cheti, usirudi darasani kuanza upya: VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unapimwa kwa unachokijua na kupewa cheti.

Kuhusu kulipa. Kinachotenganisha mwenye karakana na anayelipwa kwa pisi mara nyingi ni kukokotoa bei, si ufundi. Fundi anajumlisha mbao, gundi, misumari na vanishi, anaongeza "ya kwangu", anataja bei. Amesahau kwamba mbao ya inchi moja ikishapigwa randa pande zote inabaki karibu robo tatu, lakini yeye ameinunua kama inchi moja. Amesahau mabaki (mimi naongeza moja ya tano kwenye mbao ngumu, na kwenye mninga wenye mafundo naongeza zaidi). Amesahau hela ya mashine ya jirani, maana wengi wetu tunaanza bila mashine, tunapeleka mbao kupigwa randa kwa kulipia. Amesahau gari, na siku ambazo kitanda kimekaa kinasubiri vanishi ikauke huku kimeziba nafasi ya kazi nyingine. Ukiyaweka yote hayo, ile "ya kwangu" wakati mwingine haipo. Dogo ajifunze hili mapema, awe na daftari, aandike gharama halisi ya kila kazi baada ya kuikabidhi.

Madirisha ya mbao nisingemshauri ayategemee, alumini imeshaondoka nayo. Makabati ya jikoni ya MDF (bodi za unga wa mbao ulioshindiliwa) yanatoka sana, na mtu anayajua haraka: siri ni kupanga mikato kwenye bodi ya futi nane kwa nne na kufunika kingo vizuri, kwa sababu maji yakiingia inavimba na hairudi. Kupaua nako kuna hela, ila ni kazi ya juani na juu. Akipenda kufundisha, Morogoro kuna chuo cha ualimu wa ufundi stadi. Akipenda upande wa viwanda, Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, wanafundisha mambo ya kuchana, kukausha na kunoa misumeno.

Barakoa anunue kabla ya randa. Vumbi la mbao ngumu linahusishwa na saratani ya pua, na mvule unawasha hata siku hiyo hiyo. Pia anaponunua mbao mkoani adai risiti na kibali cha kusafirishia, TFS (wakala wa misitu wa serikali) wakimkamata njiani bila hivyo mzigo haufiki.

Hujasema mko mkoa gani. Kama ni Iringa, upande wa Mafinga, hesabu inabadilika: pale pembeni ya misitu ya Sao Hill kuna mashine za kuchana kila kona, na anayejua kunoa msumeno vizuri hakosi kazi. Nijibu hilo, kisha tuongelee vifaa vya kumnunulia.