Mkojo kutoka ukipiga chafya, mtoto ana miezi 4

Pole dada, hiyo si laana wala uzee, ni misuli ya chini ya nyonga imebeba mimba miezi 9 ikalegea, na si lazima uizoee ati juu mama mkwe amesema ni kawaida ya wamama. Fanya hivi, jifanye unazuia mkojo na hewa ya tumbo (kujamba) pamoja, vuta kwenda juu, shikilia ukihesabu 5, achilia kabisa, rudia mara 10, mara 3 kwa siku. Usikaze matako na usizuie pumzi. Mimi nilikuwa nafanyia kwa matatu nikitoka Kondele, na hakuna mtu alijua haha. Lakini usiifanye ukiwa unakojoa, mkojo unaweza kosa kuisha vizuri kwa kibofu. Ipe kama miezi 3 kila siku bila kuruka, wengi huacha wiki ya pili halafu wanasema haifanyi kazi. Ukihisi kitu kama uvimbe kinashuka huko chini, ama choo kinatoka bila wewe kutaka, ama uchungu ukikaza, usingoje, enda kliniki uulizie mtu wa fiziotherapia, juu kuna wengine misuli yao imekaza sana na kuibana zaidi ndio inaongeza uchungu.