Umechaguliwa kwenye kamati ya kijiji? Haya ndiyo ninayowaambia wageni wa kazi hapa Likoni

Kila kamati mpya ikichaguliwa hapa kwetu Likoni, Mombasa, hunijia kijana au mama aliyepewa nafasi juzi na kuniuliza: "Katibu, sasa kazi yenyewe hasa ni ipi?" Nimeshika daftari la kamati ya kijiji kwa miaka mingi, na jibu langu ni lile lile. Kwanza, jua shauri lipi ni lako na lipi si lako. Pili, lile lililo lako liandike.

Mtu wa mbali akisikia Mombasa hufikiria bandari, Ngome Yesu na hoteli za ufuoni. Vijiji havimjii akilini. Lakini ukitoka kisiwani ukaingia Kisauni, Jomvu, Changamwe au huku kwetu ng'ambo ya feri, utakuta watu bado wanasema "kijiji chetu" wakimaanisha nyumba zilizobanana, kisima, msikiti, duka la mahamri na uwanja wa vumbi. Mzee wa kijiji ndiye anayegongewa mlango kwanza, kabla ya chifu na kabla ya polisi. Kwa hiyo akiwapeleka watu siko, hasara ni yao.

Serikali hufika kijijini kwa njia mbili, na wengi huzichanganya. Chifu na naibu wake ni wa serikali ya kitaifa. Wazee wa kijiji tuliowazoea, pamoja na Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama wao ulioanza 2013, hufanya kazi nao. Upande wa pili ni kaunti: kuna msimamizi wa wadi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka chini yake kuwe na msimamizi wa kijiji na baraza la wazee wasiopungua watatu na wasiozidi watano, wawe wameishi au wamemiliki mali hapo hapo kwa miaka isiyopungua mitano. Kitambulisho na usalama ni mambo ya upande wa chifu. Taka, mitaro, zahanati, chekechea na maji ni ya kaunti. Hata basari, yaani msaada wa karo, ni hivyo hivyo: ya NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya eneo bunge, iko kwa mbunge na ya kaunti iko kwingine, zina fomu tofauti na tarehe tofauti. Mama akikujia na barua ya shule ya mwanawe, mweleze zote mbili siku hiyo hiyo. Nimeona watoto wakikosa muhula mzima kwa sababu mzazi alizungushwa kutoka afisi hadi afisi bila mtu wa kumwambia kwamba alisimama kwenye foleni isiyo yake.

Sasa daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na shauri nalo ni hivyo. Chukua mfano wa maji ya bafu, kwa sababu ndiyo kesi inayoletwa kijijini kuliko zote. Nyumba zimesongamana, mitaro hakuna, na maji ya kuoga ya mmoja hupita mlangoni kwa mwingine. Mama mmoja alikuja akasema mbele ya kikao, "Mimi sina ugomvi na mtu. Nataka maji yake yasipite ninapopikia." Jirani akajibu kwamba maji yake hayafiki huko, yanayofika ni ya nyumba ya juu. Wangeweza kubishana mpaka Magharibi. Mwenyekiti wetu hakuuliza swali lingine. Akasema twendeni. Tulipofika akaomba ndoo ya maji, akayamwaga taratibu pale bafu linapoanzia, na sote tukasimama kuyaangalia. Yalikwenda kidogo, yakajaa kwenye shimo alilochimba kuku, kisha yakakata kushoto moja kwa moja hadi kwenye meko ya yule mama, mawe matatu na majivu yake. Jirani mwenyewe akasema, "Haya, nimeona."

Baada ya hapo ndipo kalamu ilipoanza kufanya kazi. Tuliandika tarehe, waliohudhuria, malalamiko kwa maneno ya mlalamishi mwenyewe, tulichokiona kwa macho, na makubaliano: jirani achimbe mtaro, mama aruhusu upite pembeni mwa uwanja wake, saruji wachangie nusu kwa nusu, kazi iwe imekwisha kabla ya mvua za masika. Nikayasoma kwa sauti kabla mtu yeyote hajaondoka, maana wapo wasiojua kusoma na wapo wanaojua lakini wanaona haya kuomba daftari. Mmoja akatia sahihi, mwingine akatia dole gumba. Kisha nikamwandikia kila mmoja nakala yake.

Usiseme nakala ni ya nini, si wanajuana. Ndugu yangu, mpangaji huhama, mwenye nyumba hufa, mtoto hurudi kutoka Saudia akakuta mtaro kwenye uwanja wa mamake akataka kuuziba. Karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza siku hiyo. Na shauri likiwashinda likaenda mbele kwa chifu, au kwa mahakama ya madai madogo inayosikiza kesi za mpaka shilingi 1,000,000, kumbukumbu yenu ndiyo itakayoonyesha nani alikubali nini.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni ardhi. Mombasa ina utaratibu ambao mtu wa bara huushangaa, nyumba bila shamba: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, na unamlipa kodi ya kiwanja. Ni jambo la zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani kwenda kudai ardhi yao, na walioshindwa kudai, wengi wao wakiwa wakulima ambao hata habari hawakuzipata, walijikuta wanaishi kwenye ardhi ya mtu mwingine au ya serikali. Hapa Likoni tunalijua hilo vizuri. Shamba la Waitiki, ekari 930, lilikuwa na maelfu ya watu wasio na karatasi mpaka serikali ilipolinunua na kuanza kugawa hati 2016.

Kwa hiyo mtu akikuletea makubaliano ya mauziano utie sahihi kama shahidi, tulia. Soma kila mstari. Kama kinachouzwa ni nyumba, karatasi iseme nyumba. Neno "kiwanja" au "ploti" likiingia humo, mnunuzi ataamini amenunua ardhi, na siku mwenye ardhi atakapotokea, mnunuzi huyo ataanza kuwatafuta waliotia sahihi. Kama muuzaji anasema ardhi pia ni yake, mnunuzi aende kwanza afisi ya ardhi akafanye sachi, yaani rejista iangaliwe ardhi ni ya nani, aje na majibu yenye jina. Hati inayoonyeshwa kwenye simu usiikubali. Mwite mke wa muuzaji akae kikaoni. Kama nyumba ni ya urithi, waite warithi wote, hata yule dada aliyeolewa Lamu ambaye kaka zake wanasema "yeye hana neno". Ana neno. Na usichukue bahasha yoyote kwa ajili ya sahihi hiyo, hata ikiitwa pesa ya chai, kwa sababu ukishaipokea umeshakuwa wa upande mmoja.

Likitokea la msiba, kamati hufanya kazi usiku. Mtu akifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayeandikisha kifo na kutoa kibali cha mazishi. Sisi Waislamu huharakisha maiti. Aliyefariki alfajiri mara nyingi huzikwa baada ya Adhuhuri. Katika haraka hiyo, watu wa nyumbani wanashughulika na sanda, maji ya kuoshea, kaburi na jamaa wanaovuka feri, na karatasi husahaulika. Hapo ndipo mzee wa kijiji anapofaa. Usiwasumbue wafiwa. Chukua kijana mmoja wa ukoo mwenye kitambulisho cha marehemu, mpeleke kwa naibu, na hakikisha kifo kimeandikwa. Mjane akienda Mahakama ya Kadhi kwa ajili ya mirathi, au benki, au kufuatilia pensheni, kitu cha kwanza atakachoulizwa ni cheti cha kifo. Miezi sita ikipita bila kuandikisha, inakuwa uandikishaji wa kuchelewa, na huo una safari zake. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga. Mwandikishe akiwa bado mchanga, kabla hajafika umri wa kutafuta kitambulisho na kuulizwa alizaliwa wapi na nani shahidi.

Kuna shauri moja ambalo hutakiwi kulikalia kikao hata kwa dakika moja: kunajisiwa kwa mtoto, au ubakaji wa mtu yeyote. Watakuja wazee wenye ndevu nyeupe, watakwambia tumalizane nyumbani, familia ni moja, tuchangishe pesa, tuwaozeshe. Kataa mbele yao, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika. Ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na wazazi hawana mamlaka ya kulisamehe kwa niaba ya mtoto. Katiba, kifungu cha 159, inatambua njia za jadi za kusuluhisha, lakini inakataza zitumike kuvunja haki za mtu. Mpeleke mtoto hospitali na polisi siku hiyo hiyo. Asiogeshwe. Nguo alizokuwa amevaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, zisitiwe kwenye plastiki. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo bora. Hospitali Kuu ya Pwani kule kisiwani ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa hivi, na usiku nambari 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia ni bure. Nambari hizo ziandike kwenye jalada la daftari, nje, zionekane.

Nani akae kwenye kamati? Hili nina msimamo nalo. Likoni haijasahau Agosti 1997, kituo cha polisi kilipovamiwa na majirani wakafukuzwa majumbani mwao kwa sababu ya kabila na kule walikotoka. Kamati ya wenye nyumba peke yao, au ya ukoo mmoja, au ya wanaume watupu, hupata habari wakati moto umeshawaka. Tuliposisitiza kwamba wapangaji nao wawe na watu wao, wakiwemo waliotoka bara, tulianza kuyasikia mambo yakiwa bado maneno ya kisimani. Akina mama ndio wanaojua nani amezidisha bei ya mtungi maji yalipopotea, nani analala nje, kijana gani ameanza kutembea na watu wasiojulikana. Lakini ukiita kikao saa kumi na mbili jioni hutawaona, wako jikoni. Sisi hukaa Jumapili baada ya Alasiri, na hatuanzi bila akidi.

Nimalizie na jambo ambalo kamati nyingi huliacha: bajeti ya kaunti. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini ukienda kuomba mtaro au taa Julai, umeshachelewa kwa mwaka huo. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kwa hiyo barua ya kijiji iandikwe Julai au mapema Agosti, tena iwe fupi. "Tunaomba maendeleo" haimsaidii mtu. Andika: mtaro kutoka msikitini hadi barabara ya lami, urefu tulioupima kwa kamba, idadi ya nyumba zinazofurika mvua ikinyesha, na aya mbili tatu kutoka kwenye daftari zikionyesha kesi za maji zilizoletwa kwa sababu mtaro huo haupo. Kesi ile ya ndoo nayo huingia humo. Ukiitwa kwenye kikao cha maoni ya umma, nenda na barua hiyo hiyo, isome, usianze hotuba nyingine.

Peleka nakala mbili kwenye afisi ya wadi. Moja waache nayo, ya pili wagonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uibandike kwenye daftari. Rudi kuuliza kabla mwezi haujaisha, na usirudi peke yako: mchukue mpangaji mmoja na mama mmoja wa upande unaofurika, wazungumze wao.